Moto wa Mei na Moto wa Oktoba



Mada niliyopewa ni kuzuia moto wa misitu. Waandaaji waniwie radhi, maana nitaanza kwa kuipunguza. Misitu yetu haifanani mbele ya moto, na ile iliyo mingi kuliko yote nchini, yaani miombo, haijapata mtu wa kuizuia isiungue: si Mjerumani, si Mwingereza, si sisi. Itaungua. Tulichoachiwa kuchagua ni mwezi. Hilo ndilo nililokuja kulisema; yatakayofuata ni ushahidi.

Tathmini ya misitu iliyofanywa nchini kati ya mwaka 2009 na 2014 ilipata hekta milioni 48 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania Bara. Zaidi ya tisa kwa kumi ya hizo ni mapori ya wazi, ambamo miti imeachana, jua linafika chini na nyasi zinaota. Hapo ndipo penye miombo: Tabora, Katavi, Rukwa, Songea, Liwale, Kilwa. Mvua inanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, nyasi zinampita mtu kimo, kisha mawingu yanaondoka kwa miezi mitano au zaidi. Nyasi zilezile zinakauka zikiwa zimesimama. Kila mwaka pori linajiwekea kuni zake lenyewe, na kila mwaka anatokea wa kuziwasha.

Ni nani huyo? Radi ipo, lakini radi zetu huja na mvua. Moto wa kiangazi ni wa binadamu. Ni mrina asali aliyeangusha kienge chake chini ya mzinga. Ni mwindaji anayetaka kuona mbali, au anayewakurupusha ndezi. Ni mfugaji anayetafuta majani mabichi yanayochipua baada ya nyasi kavu kuungua. Ni mkulima anayesafisha shamba na upepo ukamzidi, ni mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila mtu, ni msafiri anayechoma kando ya njia ili asikanyage nyoka. Yupo pia, tusifichane, anayewasha kwa hasira kwa sababu msitu wa hifadhi umekula shamba la babu yake. Karibu wote hao wana sababu inayoeleweka. Hakuna hata mmoja utakayemkuta anachoma kwa kuwa anachukia miti.

Kwa miaka mingi tumemwambia mwananchi neno moja tu: usichome. Hakuacha kuchoma. Aliacha kuchoma mbele ya watu. Sasa anawasha na kuondoka, na moto usio na mwenyewe hauchagui mwezi wala saa. Huo ndio tunaouita moto kichaa, ingawa kichaa si wake.

Sasa niwapeleke Ndola, kwa jirani zetu wa Zambia, kwenye Ukanda wa Shaba. Mwaka 1933 maafisa misitu wa enzi zile walipima vipande vya miombo, wakavigawa makundi matatu. Vya kwanza vilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vya pili vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Vya tatu vililindwa visiguswe na moto kabisa. Kisha wakasubiri, si kwa mwaka mmoja wa ripoti kama tunavyofanya siku hizi, bali kwa miongo. Mwanaikolojia C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959.

Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, miti mikubwa ilikufa mmoja baada ya mwingine na midogo haikupata nafasi ya kushika mahali pake, hadi pakabaki nyasi na vichaka. Palipolindwa kabisa, msitu ulifunga. Ikaingia mitambaazi na miti isiyopukutisha majani, mahali pakaanza kuwa kitu kingine. Palipochomwa mapema, miombo ilibaki miombo. Udongo ulikuwa uleule, mvua ileile, kiberiti kilekile. Tofauti ilikuwa tarehe.

Kwa nini tarehe iwe na nguvu kiasi hicho? Nyasi za Mei au Juni ni nusu kijani. Ukiziwasha, joto jingi linatumika kukausha maji yaliyomo, kwa hiyo ndimi za moto zinabaki chini, zinatambaa, na zikifika kwenye bonde lenye unyevu zinakufa zenyewe. Nyasi za Oktoba hazina maji hata tone. Majani ya miti yameanguka na kuongeza kuni chini, jua limekaza, pepo zimeamka. Moto huo unapanda juu ya kichwa cha mtu na kuruka njia ya gari.

Lakini liko jambo la pili ambalo wengi hawalitaji, nalo kwangu ni kubwa zaidi. Miombo haingoji mvua ili ichipue. Mnaoishi porini mnajua: Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa imepasuka kwa ukavu, miti inatoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, pori linakuwa kama limevaa kwa ajili ya harusi. Wakati huo mti umeamka, utomvu unapanda, majani ni laini kama ulimi. Ndipo moto wa Oktoba unapoukuta. Wa Mei unaukuta mti ukiwa na majani ya zamani, magumu, umeshafanya kazi ya mwaka na unajiandaa kupumzika.

Chukueni mninga, mti ambao kila fundi seremala hapa anaujua kwa bei yake. Mche wa mninga unaota, kiangazi kinafika, kijiti chake kinakufa. Mvua zikirudi unachipua tena kutoka mzizini. Mwaka unaofuata vivyo hivyo. Unaweza kukaa hivyo miaka kumi na zaidi, juu hauonekani kitu, chini mzizi unanenepa. Siku mzizi ukishiba, chipukizi linapaa kwa haraka, na likivuka kimo cha moto limesalimika. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Moto ukiwa wa kimo cha goti, mninga unavuka mapema. Moto ukiwa wa kimo cha paa la nyumba, unarudishwa mzizini kila mwaka, na sisi tunaandika kwamba mninga umepungua kwa sababu ya wapasua mbao. Wapasua mbao wana dhambi zao, lakini hii nyingine si yao.

Nieleze sasa uchomaji wenyewe, kwa ajili ya wanafunzi ambao mtaajiriwa na kutumwa kuusimamia kabla hamjawahi kuuona. Timu inafika mchana, haianzi. Mkubwa wa kazi, mara nyingi mzee asiye na cheti chochote, anang'oa konzi ya nyasi, anazikunja katikati. Zikipinda bila kukatika, ni mapema mno. Zikikatika zote kwa mlio, mmechelewa. Anachotaka ni baadhi zipinde na baadhi zikatike. Anachukua vumbi kiganjani, analiachia, anatazama linakoelekea. Kisha watu wanakaa kivulini kungoja saa kumi jioni.

Mgeni hushangaa: kwa nini msiwashe saa sita, mkamaliza mapema? Kwa sababu moto wa saa kumi una usiku mbele yake. Jua likizama hewa inapoa, unyevu unarudi, umande unashuka, na kile mlichosahau nyuma ya kichuguu kinazimika bila ninyi. Moto wa saa sita una jua la saa nane mbele yake.

Wanaanzia pale upepo unakoelekea, kwenye barabara au kwenye mkuza waliokwisha kuufyeka na kuukwangua kwa majembe hadi udongo ukaonekana. Mmoja anatembea na kopo la mafuta lenye utambi mdomoni, au, pasipo kopo, na mwenge wa nyasi. Moto unalazimika kurudi kinyume cha upepo, polepole, ukiinama. Ukisimama hatua tatu tu kutoka kwake unasikia mlio kama wa mafuta kikaangoni, lakini uso hauungui. Nyuma yake wako wenye matawi mabichi, na pampu za mgongoni kama halmashauri iliwahi kuzileta. Unachoacha nyuma ni madoadoa: hapa pameungua, pale pamebaki, chini ya mti huu majani yako vilevile. Vijana wengi hudhani hayo mabaki ni kazi mbovu na wanataka kurudi kuyamalizia. Wazuieni. Mabaki hayo ni maficho ya kanga na mayai yake, ya kobe, na ya kila kiumbe kisicho na miguu ya kukimbia. Na ile sehemu iliyoungua ni ukuta: moto kichaa wa Septemba ukifika pale hauna cha kula.

Wala simaanishi kila mahali kila mwaka. Ndola yenyewe inatuonyesha kwamba pori lililopumzishwa linajaza miti. Kijiji chenye akili kinagawa msitu wake vipande, kinachoma vinavyopakana na barabara, mashamba na mizinga ya nyuki, kinaacha vya ndani vipumzike, na mwaka unaofuata kinabadilisha.

Mtaniuliza kama mimi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mwezi ni silaha. La hasha. Shinyanga miaka ya 1920 alikuwapo Mwingereza mmoja, C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa akipambana na mbung'o. Alijua vizuri kwamba moto wa mapema hauui vichaka. Kwa hiyo aliwataka watu wasichome kidogo kidogo kama walivyozoea; wangoje nyasi zikauke kabisa, kisha wachome pamoja, eneo kubwa kwa mara moja, ili moto uwe mkali na kuteketeza vichaka anamojificha mbung'o. Alitumia moto wa mwisho wa kiangazi kwa kusudi la kuondoa pori. Sasa tazameni: kile alichokifanya yeye kwa mpango, sisi tunakifanya kila Oktoba bila mpango, halafu tunashangaa miti inakwenda wapi. Shinyanga ilipokwisha kuwa tupu, kwa moto na zaidi kwa mashoka, ilibidi serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, na kilichorudisha miti hakikuwa kigeni: ni ngitili, malisho ambayo Wasukuma wenyewe walikuwa na desturi ya kuyafunga mvua zikinyesha ili mifugo iyakute kiangazi.

Wenzetu wa Marekani walikwenda njia ya kuzuia kila moto, na wao walikuwa na fedha za kujaribu. Mwaka 1910 moto wa Idaho na Montana uliteketeza zaidi ya hekta milioni moja kwa siku mbili na kuua watu wasiopungua 85, wengi wao wazima moto. Hofu ile ilizaa sera. Mwaka 1935 Huduma yao ya Misitu iliamuru kwamba kila moto uwe umedhibitiwa ifikapo saa nne asubuhi ya siku inayofuata baada ya kuripotiwa. Walifaulu kwa miaka mingi, na kufaulu kwao ndiko kulikowaponza: matawi, majani na miti midogo vilirundikana chini ya miti mikubwa, hadi moto ulioponyoka ukawa hauzimiki. Wamegeuka, wanachoma kwa makusudi. Na hapo pia wameumia. Mei 2000 uchomaji wa kupangwa huko New Mexico uliponyoka na kuunguza nyumba zaidi ya 200 za mji wa Los Alamos. Aprili 2022, jimbo hilohilo, uchomaji mwingine uliponyoka na kuwa moto mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo.

Nimeyataja haya kwa sababu anayewauzia uchomaji wa mapema kama jambo lisilo na hatari anawadanganya. Upepo hausomi mpango kazi. Lakini tofauti yetu na wao tuione: wao wanachoma kuni zilizorundikana kwa miaka mingi, sisi tunachoma nyasi za mwaka huu. Kosa la Mei kwenye miombo kwa kawaida linazimwa na umande. Kosa la Oktoba linazimwa na mvua za Novemba.

Sasa nije kwenye misitu ambayo yote niliyoyasema hayaihusu, na hapa naomba msikilize kwa makini, maana kuna watu husikia nusu ya mhadhara wakaenda kuchoma. Misitu ya milima yetu, Usambara, Uluguru, Udzungwa, Kilimanjaro, haikuzaliwa na moto. Hakuna Mei njema huko. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza Kilimanjaro, eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu, na ulipozimwa ulikuwa umekula kilomita za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu walipanda kwa miguu kuukabili, wengi wakiwa na matawi mikononi. Oktoba 2022 ukazuka mwingine upande wa kambi ya Karanga.

Dunia nzima inalilia barafu ya Kilimanjaro. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeichunguza mimea ya mlima ule kwa miongo, aliandika mwaka 2005 kwamba kilio hicho kimekosea mahali. Moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Miti ile ya erika huko juu, iliyofunikwa na kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, hunasa ukungu na kuudondosha chini kama maji. Ukiiunguza, ukungu unapita bila kuacha kitu, na maji yanayopotea hivyo yanazidi yale yatakayopotea barafu ikiisha. Mkulima wa Rombo au Hai anayengoja maji ya mfereji amtazame zaidi mwenye kiberiti kuliko theluji. Huko kazi ni kuzuia tu: kuongeza doria, kudhibiti majiko kambini, kumpa mrina asali mizinga ya kisasa ili asipande na kienge.

Mashamba ya miti nayo yana kanuni zake. Msindano ukiungua hauchipui. Sao Hill kule Mufindi, shamba kubwa la serikali kuliko yote nchini, linaishi kwa barabara za moto zinazosafishwa kila mwaka, minara ya kuchungulia moshi, na kupogoa matawi ya chini ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Ninaowahofia ni wenye ekari mbili tatu za Njombe, Makete na Kilolo. Wamepanda hadi mpakani, jirani naye kapanda hadi mpakani, na wa tatu anaishi Dar es Salaam, hajafyeka tangu apande. Hapo hakuna mtaalamu wa kumsaidia mtu. Wakae kikao cha majirani, kila mmoja atoe mita zake, wafungue njia. Asiyetoa, kijiji kina sheria ndogo.

Turudi kwenye miombo, tumalizie pale penye mwanga. Kilwa kuna vijiji vilivyoamua kuumiliki moto. Kwa msaada wa shirika la Mpingo la kule, vilitenga misitu ya vijiji, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC kwa uvunaji endelevu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo ndio mti unaotengenezewa zumari za wapiga muziki wa Ulaya. Wanakijiji walipoona gogo la mpingo likiingiza fedha kwenye mfuko wa kijiji, fedha za kisima na darasa, hawakuhitaji semina ya kuwaeleza kwa nini wachome mapema. Shirika hilohilo lilitayarisha hata utaratibu wa kupima hewa ukaa inayookolewa kwa kudhibiti moto wa miombo, ukapitishwa kimataifa mwaka 2015. Mimi si mshabiki wa biashara ya kaboni. Ina madalali wengi. Lakini imetusaidia kwa jambo moja, kwamba sasa uchomaji wa mapema unaandikwa kwenye vitabu kama kazi yenye thamani, si kama uhalifu uliofumbiwa macho.

Sheria haitukatazi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya moto, na inatambua uchomaji kwa kibali. Kikwazo chetu ni cha kiofisi, tena cha aibu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mei na Juni, miezi ambayo nyasi ziko tayari, ndiyo miezi ambayo kifungu kimekauka na afisa misitu wa wilaya hana mafuta ya pikipiki. Fedha mpya zinashuka Agosti, Septemba. Basi linapatikana gari, zinapatikana posho, timu inakwenda kijijini kufanya uchomaji wa mapema wakati miombo inachipua. Kwenye taarifa inaandikwa kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia mia. Porini wamefanya kazi ya Swynnerton.

Nawaomba wakurugenzi na madiwani mliomo humu mfanye mambo mawili, na hayahitaji mfadhili. Fedha za moto zitengwe na kufika kwenye akaunti ya kijiji kabla ya Machi, zisubiri nyasi badala ya nyasi kuzisubiri. Na kamati ya kijiji ipewe mamlaka ya kutoa kibali cha kuchoma ndani ya msitu wake, kwa maandishi, kikionyesha kipande, siku na majina ya watakaokuwepo. Wajumbe wa kamati, nanyi mna lenu: kibali kikichelewa hadi mwezi wa nane, msikitumie hata kama gari limekuja na posho zimelipwa. Kirudisheni wilayani, mwombe cha Mei ijayo.